Kashka, Farasi wa Matanga

Ak-Bulung, 9 Oktoba 2006

Taalai mdogo wangu,

Pokea mkono wa salamu, ingawa unanuka vitunguu. Nimetoka sasa hivi jikoni mwa chekechea, na watoto arobaini wameshiba. Shemeji yako Sagyn yupo, mgongo unamlalamikia yeye, naye anatulalamikia sisi. Viazi tumechimba magunia kumi na moja. Ng'ombe mweusi wa baba ana mimba. Theluji imeshaanza kuanguka mlimani, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi leo leo, ampelekee Shaarkan yule mhudumu wa treni, naye akufikishie huko Moscow. Ukimwona Shaarkan mpe japo chokoleti moja. Umri wake si wa kutumwa bure na vijana.

Sasa nikueleze habari ya baba. Kile kikohozi ulichokiacha kiangazi hakijaondoka. Amepungua mpaka mkanda wake ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Nilipomwambia twende hospitali ya wilaya akanijibu, "Miaka thelathini nimesukuma theluji kwa buldoza kule mlimani, moshi wa dizeli nimekunywa kuliko chai. Kifua kama hiki kisipokohoa ndipo uogope." Nikamwambia vaa koti. Akavaa huku ananitukana.

Eksirei imeonyesha doa upande wa kulia. Makohozi wameyapima mara mbili, hawakuona mdudu wa kifua kikuu. Daktari akakuna kichwa, akasema tumwanzishie vidonge vya kifua kikuu hivyo hivyo, akipata nafuu tutajua kuwa ndicho. Nikamuuliza, na asipopata je? Akasema basi mtakwenda Bishkek, mkapige picha ya kompyuta, halafu waingize mrija wenye taa mpaka ndani ya pafu, wachukue kipande cha nyama kikapimwe maabara. Hayo yote ni ya kulipia. Vidonge vya kifua kikuu ni bure.

Baba aliposikia neno "bure" alichangamka kama bwana harusi. "Umesikia, Burul? Ugonjwa wangu unalipiwa na serikali!" Tangu siku hiyo anawatangazia majirani kwamba ana kifua kikuu, kwa majivuno kabisa, na majirani wameacha kuja kunywa chai.

Kashka amenenepa. Baba bado hataki mtu ampande, anamlisha shayiri kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia, "Kula, bwana mdogo, mimi na wewe safari yetu ni moja." Unamjua alivyo kwa kututisha.

Andika. Na uvae soksi mbili.

Dada yako,
Burul


Moscow, 12 Novemba 2006

Dada Burul, shikamoo,

Barua yako imefika na harufu ya vitunguu, nikaiweka chini ya mto. Mimi ni mzima. Kazi ipo, tunajenga jengo la ghorofa kumi na saba, na mimi niko ya kumi na nne, ninaona mji wote. Msimamizi ametuahidi mishahara yetu mwisho wa mwezi, yote kwa pamoja. Chakula si kibaya. Soksi ninavaa mbili.

Kuhusu baba, nashukuru Mungu ni kifua kikuu. Hapa chumbani kwetu kuna mtu wa Osh alikipata, akameza vidonge miezi sita, leo anabeba saruji kutushinda sote. Asiache dozi. Mwambie namtafutia koti la manyoya ambalo hata mwenyekiti wa kijiji hana.

Na usianze tena habari za kunioza yule binti wa mwalimu. Najua ulitaka kuandika ukajizuia. Nimekuona.

Mdogo wako,
Taalai


Ak-Bulung, 7 Januari 2007

Taalai,

Nakusalimu kwa haraka, unisamehe. Watoto hawajambo. Sagyn hajambo. Baridi mwaka huu ni ya kupasua mawe.

Vidonge amemeza miezi mitatu bila kukosa hata siku moja, na kikohozi hakikusogea. Kabla ya mwaka mpya nilikuwa nafua leso zake nikaona damu. Alikuwa ameikunja ndani ili nisiione. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo usoni, akageukia ukutani. Kesho yake nikamuuza ng'ombe mweusi, na mimba yake tumboni, tukashuka Bishkek.

Picha ya kompyuta imepigwa. Daktari wa huko ni mwanamke mdogo kuliko wewe, anasema polepole. Aliniita pembeni akaniambia hicho hakifanani na kifua kikuu, na hakupaswa kumezeshwa vidonge miezi yote hiyo. Nikamuuliza, ni nini basi? Akasema, "Siwezi kukupa jina kabla ya kupima kipande cha nyama. Bila jina hakuna anayeweza kumtibu. Msichelewe." Nikamuuliza bei. Kuna ada ya mrija, kuna maabara, kuna kitanda siku kumi, kuna dawa tunanunua wenyewe, kuna yule anayesukuma kitanda na yule anayefungua mlango. Elfu kumi na nne, ukijumlisha na nauli. Mimi mkononi nilikuwa nimebaki na mia tisa. Tukarudi nyumbani.

Ng'ombe mzima ameishia kwenye picha moja, na picha yenyewe imetuambia tu kwamba hatujui.

Sasa nasema lililonifanya nikae na kalamu. Kuna Kashka. Wiki iliyopita mnunuzi mmoja wa Naryn alimwona zizini akataja elfu ishirini na mbili bila kuulizwa. Najua yule ni farasi wa nini. Najua baba alimnunua akiwa mtoto wa farasi na akamtenga achinjwe siku ya matanga yake. Lakini mimi ni binti niliyeolewa, zizi lile si langu. Neno ni lako wewe mwana wa kiume. Ukisema ndiyo, Jumapili hiyo hiyo Sagyn anampeleka sokoni, na Jumatatu mimi na baba tuko njiani.

Nataka jibu fupi, Taalai. Neno moja linatosha.

Burul


Moscow, 28 Januari 2007

Dada Burul, shikamoo sana,

Natumaini hii itakukuta salama wewe, na Sagyn na mgongo wake, na watoto, mmoja mmoja nawasalimu kwa majina. Hapa theluji ni nyingi lakini si safi kama yetu. Nimejifunza kupika tambi. Kuna paka ghorofa ya chini, tumempa jina la mwenyekiti wa kijiji.

Dada, umetaka neno moja. Neno ni hapana.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Unamkumbuka mzee Abdylda? Wanawe walimzika kwa kondoo mmoja mzee asiye na meno. Ni miaka kumi na mbili sasa, na mpaka leo mtu akipika mchuzi mwepesi watu wanasema, "Huu ni wa matanga ya Abdylda." Wanawe walihama kijiji. Baba ameishi miaka sitini na tisa bila kuchekwa. Unataka achekwe akiwa mchangani? Halafu fikiria na yeye mwenyewe. Anaamka asubuhi kwa sababu ya kumlisha yule farasi. Siku akikuta zizi tupu, ataelewa tumemwona amekwisha, na hapo ndipo atakapokufa kweli.

Pesa zipo, ni kuchelewa tu. Nitatuma zote elfu kumi na nne kabla ya sikukuu ya Nooruz. Nakupa neno la mwanamume. Machi si mbali. Kashka msimguse.

Taalai


Ak-Bulung, 2 Machi 2007

Taalai,

Salamu. Barua yako ilikwama wiki mbili chini ya mlima, barabara ilifungwa. Wanaoendesha mabuldoza siku hizi ni vijana, baba anawatazama dirishani na kutema mate.

Nimesoma. Nimetii.

Wilayani bado wanampa vile vidonge vya bure, naye bado anavimeza. Anasema kitu cha bure hakiwezi kumdhuru mtu. Usiku analala ameketi. Juzi aliniuliza habari za soko la mifugo, mazungumzo tu ya mgonjwa. Kashka yuko vizuri. Mimi ndiye ninayemlisha, baba anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kunielekeza, shayiri kiasi hiki, si kiasi hicho, unataka kumuua?

Anakuulizia wewe kila siku. Namwambia uko ghorofa ya kumi na nne.

Burul


Ak-Bulung, 10 Aprili 2007

Mdogo wangu,

Nooruz imepita. Tumepika uji wa ngano iliyochipua, baba amekula vijiko viwili. Shaarkan amepita mara mbili kutoka huko na mara zote mbili hakuwa na kitu kutoka kwako, hata salamu. Kama u mgonjwa, mtu aniambie.

Sina lingine.

Burul


Moscow, 24 Aprili 2007

Dada,

Shaarkan ana bahasha. Zimo elfu kumi na tano, ya ziada ni ya mfungua mlango. Usiniulize zimetoka wapi. Nenda kesho. Usingoje hata kufua.

Mshike baba mkono kwa niaba yangu.

T.


Ak-Bulung, 30 Juni 2007

Taalai mdogo wangu,

Nakusalimu wewe uliyebaki na mimi. Watu wa kijiji wote wanakupa pole, wamenituma nikuandikie majina yao, lakini karatasi haitoshi. Siku ile nilipokupigia simu kutoka posta ulisema "Nakuja," kisha simu ikakatika. Nilikutazamia njiani siku tatu. Wazee wakaniuliza tungoje? Nikasema ngojeni kidogo. Siku ya tatu wakasema joto ni kali.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana hukuona.

Bahasha ilinifikia tarehe mbili Mei, tarehe nne tukawa Bishkek. Yule daktari mdogo alimkumbuka baba. Waliingiza mrija, wakachukua nyama, wakasema majibu baada ya wiki tatu. Baba alirudi wodini sauti imekwisha, akaninong'oneza, "Bei yote hii, angalau wangeniwekea na injini mpya." Manesi walicheka. Tukarudi nyumbani kungoja. Tarehe sita Juni, saa nne asubuhi, aliomba tumtoe nje kwenye ndoo yake, karibu na zizi. Sagyn alimbeba kama mtoto. Aliketi, akakohoa mara mbili, akaegemea nguzo ya zizi. Nilidhani amesinzia.

Matanga, Taalai, yalikuwa ya heshima. Hakuna atakayekucheka. Watu zaidi ya mia mbili walikuja, mpaka wenzake wa barabara waliomsahau. Walimchinja Kashka asubuhi, sikutoka nje kutazama. Alikuwa na mafuta ya vidole vinne ubavuni, wazee walipima kwa vidole vyao wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja alisimama akasema, "Huyu kazaa mtoto wa kiume. Yuko mbali lakini mkono wake umefika." Wakakuombea dua. Mimi nilikuwa nikigawa mkate.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi dereva akaniletea bahasha ya maabara. Jina limepatikana. Ni saratani ya pafu. Nilipanda basi nikaenda kwa yule daktari, sijui nilikwenda kutafuta nini, labda nilitaka mtu wa kumfokea. Akaziweka picha mbili kwenye taa, ya Januari na ile waliyopiga Mei. Doa la Januari lilikuwa dogo kuliko kokwa ya tunda la jozi. Akasema, "Hapa tungekaa tukazungumza habari ya kumpasua. Siwezi kukuahidi kwamba angepona. Lakini tungekaa tukazungumza." Kisha akanionyesha la Mei kwa kidole. Lilikuwa kama ngumi. Basi, sikumfokea. Nilimshukuru nikatoka.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo sikuliandika mwezi Machi.

Februari, jibu lako lilipokuwa limeshafika, nilikuwa nambadilishia baba shuka. Akaniuliza, akitazama dirishani, "Farasi siku hizi ni bei gani sokoni?" Nilisimama na shuka mkononi. Nilijua anauliza nini. Mtu hawezi kuomba farasi wake wa matanga auzwe, ni sawa na kuomba wanawe waaibike, kwa hiyo alichoweza ni kuuliza bei tu, halafu anyamaze, sisi ndio tuelewe. Alikuwa anataka kuishi, Taalai. Mzee wetu na maringo yake yote, alitaka kuishi. Na mimi barua yako ilikuwa mfukoni mwa aproni. Nikamwambia, "Zimeshuka sana, baba. Farasi hawana bei mwaka huu."

Hazikuwa zimeshuka.

Akasema, "Aa," basi. Hakuuliza tena. Wewe ulisema hapana ukiwa mbali, mimi nilisema hapana nikimtazama usoni, kwa hiyo usijidhanie mzigo huu ni wako peke yako. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na kamba, soko liko pale pale. Ningekukosea wewe, ukaninunia miaka kumi, na baba angekuwepo kutupatanisha. Au asingekuwepo. Sitajua, na kutojua huku ndiko kunakoniamsha.

Wazee walitenga sehemu yako, kama ilivyo haki ya mwana wa pekee. Ni nyama ya mbavu na mafuta yake, nimeijaza kwenye utumbo, nikaitia chumvi na moshi wa mreteni ili isiharibike njiani. Shaarkan anayo. Lazima uile, unajua. Haitupwi na haigawiwi yote.

Dada yako,
Burul


Moscow, 5 Agosti 2007

Dada yangu Burul, shikamoo,

Nimeanza barua hii mara nne. Habari za hapa nilizokuandikia zote ni za uongo, kwa hiyo ngoja nianze na zile za kweli.

Kazi ya ghorofa ya kumi na nne ilikwisha mwezi Oktoba mwaka jana. Barua yako ya kwanza ilinikuta msimamizi ameshatoroka na mishahara yetu ya miezi mitatu. Nilikujibu kutoka chumba cha chini ya ardhi, karibu na mabomba, ambako tunalala watu kumi na wawili. Nilikuwa nafagia nyua za watu na kuzoa barafu. Ile barua yako ya Januari niliisoma nikiwa sina hata rubli ya tikiti ya basi. Ungeniambia nitume mia mbili nisingeweza.

Kwa nini basi nilisema hapana? Yale ya Abdylda ni kweli niliyafikiria. Yale ya zizi tupu niliyatunga nikiandika, na yalipotoka kwenye kalamu niliyaona mazuri nikayaamini. Lakini lililokuwa chini yake ni hili. Kashka angeonekana sokoni, Naryn nzima ingejua mwana wa mzee wetu Ishenaly yuko Moscow miaka miwili na hawezi kumlipia baba yake kipimo. Niliona aibu, dada. Nilimlinda farasi ili watu wasione mfuko wangu. Ndivyo ilivyokuwa, na nikiandika naona ilivyo ndogo.

Zile elfu kumi na tano ni za wenzangu kumi na mmoja. Nilingoja mpaka Aprili kuwaambia kwamba baba anaumwa. Walipojua walinichangia kwa jioni moja, mmoja aliuza simu yake. Jioni moja tu, Burul. Ningewaambia Januari, ingekuwa jioni moja ya Januari. Nao ndio walionizuia kuja kwenye mazishi, si kwa maneno, ila nauli nilikuwa sina na sikuweza kuwanyooshea mkono tena. Nilikwenda stesheni, nikaitazama treni ya Shaarkan ikiondoka. Yeye aliniona, akainua mkono. Kwenu hakusema, namshukuru.

Uliposema mzigo si wangu peke yangu hukunipunguzia, lakini naelewa ulichotaka kufanya. Ile "Aa" ya baba naisikia. Najua hasa aliitoa vipi, na kidevu juu.

Nyama imefika salama. Niliipika Jumapili kwenye sufuria letu kubwa, chumba chote kikanukia nyumbani. Nikawakatia wenzangu, maana haki yao wanayo kuliko mimi. Yule mtu wa Osh akatafuna, akafumba macho, akasema, "Farasi kama huyu sijala tangu nitoke kwetu. Baba yako lazima alikuwa mtu mkubwa." Nikasema ndiyo. Wakaniuliza alikufa na nini. Nikawaambia jina, lile la kwenye bahasha, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa mdomo wangu.

Sehemu yangu niliila yote, dada, kama inavyotakiwa. Sikubakiza. Mafuta yalikuwa mengi, matamu, yananata kwenye vidole. Alikuwa amemlisha vizuri sana.

Mdogo wako,
Taalai